Mkanda wa injini: gharama ya kwanza ya Prado kuukuu

Anayenunua Toyota Prado kuukuu yenye injini ya dizeli ya 1KD-FTV hana budi kutenga fedha za mkanda wa taimingi kabla ya kufikiria rangi na magurudumu. Mkanda huo hubadilishwa kila baada ya kilomita 150,000. Ukikatika, vali hugongana na pistoni, na gharama ya mkanda mmoja hugeuka kuwa ya kufungua injini nzima.

Taa ya T-BELT kwenye dashibodi huwaka muda unapotimia, lakini yaweza kuzimwa bila mkanda kuguswa; mita ya kilomita nayo huweza kurudishwa nyuma. Basi pasipo rekodi ya matengenezo, ni heri mkanda ubadilishwe mara moja.