Watoto wanaosinzia vichwa: Mahenge ilijua kabla ya dunia

Mahenge wengi wanaijua kwa boma la Wajerumani lililoshambuliwa wakati wa vita vya Maji Maji mwaka 1905, na siku hizi kwa vito vya spineli. Kwa madaktari wa ubongo, mji huo mdogo wa wilaya ya Ulanga mkoani Morogoro una sifa nyingine. Huko ndiko ulikoandikwa kwa mara ya kwanza ugonjwa adimu unaowafanya watoto waliokuwa wazima kuanza kuangusha vichwa mbele bila kuweza kujizuia.

Aliyeuandika ni Louise Jilek-Aall, daktari kijana kutoka Norway aliyefika Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Kati ya Wapogoro, wenyeji wa huko, alikuta wenye kifafa wengi kuliko alivyotarajia, na wengi walikuwa na makovu ya moto. Makovu hayo yaliletwa na woga. Mgonjwa akiangukia kwenye mafiga, waliokuwa jirani waliogopa kumgusa, kwa kuamini kwamba mate au mkojo wake ungewaambukiza. Alitengewa chombo chake cha kulia. Shule na ndoa hazikuwa zake.

Daktari huyo alianzisha kliniki ya kifafa hapo Mahenge, akawapa wagonjwa fenobabitali, dawa ya bei nafuu. Kugawa dawa kulikuwa sehemu ndogo ya kazi. Ilibidi aeleze, kisha aeleze tena, kwamba kidonge humezwa kila siku hata kama mtu haanguki tena. Kwamba kukiacha ghafla huweza kuleta kifafa mfululizo hadi kuua. Kwamba anayemshika mgonjwa haambukizwi. Ukiniuliza elimu ya afya ni nini, nitakuonyesha hiyo.

Miongoni mwa wagonjwa wake walikuwamo watoto ambao ndugu zao walimweleza kwa kifupi: amesinzia kichwa. Mtoto ameketi na wenzake kwenye sinia la ugali. Anapotaka kumega tonge, kidevu kinamshukia kifuani, kinainuka, kinashuka tena baada ya sekunde chache. Ukimwita hajibu, au anajibu kama aliye mbali. Mara nyingi hali hiyo huanzishwa na chakula, au na baridi ya asubuhi. Huanza zaidi kati ya miaka 3 na 18, na miaka ikisonga wengi hupata pia kifafa cha kuanguka, hudumaa mwili, na akili huzorota.

Haya Jilek-Aall aliyachapisha mwaka 1965, katika jarida la Skandinavia la magonjwa ya akili. Habari ikaishia kwa wasomaji wachache. Wazazi waliozijua dalili hizo kuliko profesa yeyote hawakuwa na njia ya kujua kwamba kuna wazazi wengine, katika nchi nyingine, wanaolia kilio hichohicho.

Nao walikuwepo. Katika miaka ya 1990 watoto wa namna hiyo walionekana kusini mwa Sudan, kisha kaskazini mwa Uganda, katika wilaya za Kitgum na Pader, ambako watu walikuwa wakitoka kwenye kambi za wakati wa vita vya waasi wa LRA. Huko wengine walisema ni sumu ya silaha, wengine chakula cha msaada, wengine roho za waliouawa. Wapo wazazi waliowafunga watoto kamba kabla ya kwenda shamba ili wasiangukie motoni wala kupotea porini. Nisingethubutu kuwalaumu. Picha hizo zilipofika magazetini na hoja ikafika bungeni, serikali ya Uganda ilifungua vituo vya matibabu mwaka 2012 na kuwapa watoto sodiamu valproeti. Mwaka huohuo wataalamu walikutana Kampala, wakakubaliana vigezo vya kuutambua ugonjwa huo. Miaka 47 ilikuwa imepita tangu makala ya Mahenge.

Kilichounganisha sehemu hizo tatu ni usubi, ugonjwa wa minyoo inayoenezwa na nzi weusi wadogo wanaozaliana kwenye mito yenye maji ya kasi. Namna hasa minyoo hiyo inavyoudhuru ubongo bado haijathibitishwa. Hata hivyo, Uganda ilipotia mitoni dawa ya kuua nzi hao na kugawa Mectizan, vidonge vya usubi, mara mbili kwa mwaka, wagonjwa wapya walitoweka katika miaka michache.

Mahenge ilianza kugawiwa Mectizan mwishoni mwa miaka ya 1990. Mgawa dawa hupita na kijiti cha kupimia urefu, kwa sababu kimo ndicho kinachoamua idadi ya vidonge, kuanzia kimoja hadi vinne. Aliyelala shambani siku hiyo hukosa, na minyoo hubaki mwilini mwake ikiwangoja nzi. Baada ya takriban miaka 20 ya ugawaji, watafiti walikuta usubi ungali ukienea, na kifafa kimejaa zaidi katika vijiji vya ndani kuliko vile vya karibu na mji. Ndipo mwaka 2019 dawa ikaanza kutolewa mara mbili kwa mwaka.

Hatua hiyo ilichelewa, na inaniuma kwamba mahali palipotangulia kuiambia dunia pakawa miongoni mwa pa mwisho kusaidiwa. Kwa muda mrefu wanavijiji wameambiwa kwamba kidonge kile ni cha ngozi na macho. Waambiwe pia, waziwazi na kwenye kila mkutano wa kijiji, kwamba huenda kinawakinga watoto na kifafa. Mzazi wa Kipogoro anajua kifafa kimeufanyia nini ukoo wake. Akiisikia habari hiyo, atarudi kutoka shambani kumsubiri mgawa dawa.