Miezi Minne, Mara Mbili

Jioni ya tarehe 17 Desemba 2017 nilikuwa nimebanana na watu kwenye banda umiza moja la Dar es Salaam, nikitazama fainali ya Kombe la Chalenji kutoka Machakos. Wakati huo nilikuwa mwanafunzi wa sekondari, nimevuka bahari kutoka Unguja kuja kwa mjomba wangu likizoni. Zanzibar Heroes walikuwa wanacheza na Kenya, wenyeji. Kenya walifunga mapema, Zanzibar wakasawazisha. Kenya wakafunga tena katika muda wa nyongeza, Zanzibar wakasawazisha tena. Ikabaki mikwaju ya penalti.

Kabla ya penalti ya kwanza kupigwa, kijana aliyekaa mbele yangu aligeuka na kuuliza, bila kumlenga mtu: "Sasa hawa wakichukua, kombe linakuja Tanzania au linakwenda Zanzibar?"

Watu walicheka. Mjomba alicheka pia. Mimi nilitaka kujibu, nikakuta sina jibu. Kipa wa Kenya, Patrick Matasi, alipangua penalti tatu, Kenya wakashinda kwa 3-2, na swali la yule kijana likafa palepale kwa kuwa hapakuwa na kombe la kupeleka popote. Lakini mimi nimekaa nalo tangu siku ile, na sasa ninaposoma historia naona kwamba rekodi yote ya timu hii ni majaribio ya kulijibu.

Tuanze na tarehe. Zanzibar ilipata uhuru kutoka kwa Waingereza tarehe 10 Desemba 1963. Siku sita baadaye, tarehe 16 Desemba, ilipokelewa Umoja wa Mataifa, siku moja na Kenya. Tarehe 12 Januari 1964 yakaja Mapinduzi, na tarehe 26 Aprili 1964 Zanzibar na Tanganyika zikaungana. Viti viwili vya Umoja wa Mataifa vikawa kimoja. Ukihesabu kuanzia siku ya kupokelewa mpaka siku ya Muungano, Zanzibar ilikaa kwenye kiti chake kwa miezi minne na siku kumi.

Tarehe 16 Machi 2017, mkutano mkuu wa Shirikisho la Soka Afrika, CAF, uliofanyika Addis Ababa, uliipitisha Zanzibar kuwa mwanachama wake wa 55. Tarehe 21 Julai mwaka huohuo, katika mkutano mwingine uliofanyika Rabat, Zanzibar ikaondolewa. Hesabu tena: miezi minne na siku tano.

Sidai kwamba kuna siri katika kufanana kwa hesabu hizi mbili. Ninachosema ni kwamba dunia imewahi kuiandika Zanzibar kwenye orodha zake kama nchi iliyosimama yenyewe angalau mara mbili, na kwamba mara moja kati ya hizo ilikuwa kwa sababu ya mpira.

Na mpira huo ni wa zamani kuliko dola. Chini ya ukoloni, watu wa Ng'ambo na wa Mji Mkongwe walikuwa na timu zao, na viwanja vya Mnazi Mmoja vilijaa jioni kwa jioni. Huko Bara kulikuwa na Kombe la Gossage, lililopewa jina la kampuni ya sabuni iliyolidhamini. Lilianza mwaka 1926 kama mashindano ya Kenya na Uganda, Tanganyika ikaingia mwaka 1945, na Zanzibar ikaingia mwishoni mwa miaka ya 1940. Zanzibar haikulichukua hata mara moja. Ilikuwa kisiwa kinachocheza na nchi zenye watu wengi mara kadhaa kuliko wake, na mara nyingi ilifungwa. Hata hivyo ilikuwa inafungwa kwa jina lake. Kwa mashabiki wa wakati ule, Zanzibar ilikuwa na timu ya taifa miaka mingi kabla ya kuwa na bendera ya uhuru.

Muungano ulipokuja, jambo moja lilisahaulika, au liliachwa kwa makusudi. Hati za Muungano za mwaka 1964 zilitaja mambo 11 yatakayoshughulikiwa na serikali ya pamoja. Leo orodha hiyo iliyomo kwenye Katiba ya Jamhuri ya Muungano ina mambo 22. Mambo ya nje yamo. Uraia umo. Ulinzi umo. Michezo haimo.

Kwa sheria za nyumbani, basi, mpira wa Zanzibar ni wa Zanzibar: una shirikisho lake, ligi yake, na klabu zinazocheza mashindano ya Afrika bila kupitia ligi ya Bara. Lakini shirikisho la dunia, FIFA, haliulizi michezo iko chini ya wizara gani. Linauliza kama wewe ni nchi huru inayotambuliwa na mataifa mengine, na swali hilo liko chini ya mambo ya nje. Mpira wetu umeangukia kwenye ufa kati ya orodha hizo mbili: nyumbani ni jambo letu, nje si letu.

Mahali pekee ambapo ufa huo haujawahi kusumbua ni Kombe la Chalenji la Baraza la Vyama vya Soka Afrika Mashariki na Kati, CECAFA. Pale Taifa Stars haipo. Zipo timu mbili: Zanzibar Heroes na Kilimanjaro Stars, yaani Tanzania Bara. Watu husema Zanzibar ndiyo inayopendelewa kwa kuruhusiwa kucheza peke yake, lakini angalia upande wa pili. Kilimanjaro Stars ni nini kama si timu ya Tanganyika iliyobadilishiwa jina? Chalenji ni miongoni mwa majukwaa machache sana ambapo pande mbili za Muungano husimama zikitazamana, kila moja na jezi yake, halafu refa anapuliza filimbi na hakuna anayeita jambo hilo uchochezi.

Mwaka 1994 kombe hilo lilichukuliwa na Bara. Mwaka 1995, nchini Uganda, likachukuliwa na Zanzibar, iliyoifunga Uganda B 1-0 katika fainali. Miaka miwili mfululizo kombe likaja kwenye Jamhuri moja, kwenye makabati mawili. Ushindi wa 1995 ndio pekee ambao Zanzibar imewahi kuupata katika Chalenji. Tulizaliwa baada yake, na tumekua tukisimuliwa kama vile watoto wa kwingine wanavyosimuliwa vita vya uhuru.

Nje ya Afrika Mashariki, Zanzibar ilikwenda ilikoalikwa. Mwaka 2006, Ujerumani ilipokuwa inajiandaa kwa Kombe la Dunia, jijini Hamburg kulifanyika mashindano ya timu zisizo na uanachama wa FIFA. Walikuwepo Greenland, Tibet, Kupro ya Kaskazini, Gibraltar na Zanzibar, pamoja na wenyeji waliojiita Jamhuri ya St. Pauli. Zanzibar ilifika fainali, ikatoka sare bila magoli na Kupro ya Kaskazini, ikafungwa kwa penalti. Mwaka 2012, katika mashindano ya aina hiyo yaliyofanyika Kurdistan ya Iraq, ilishika nafasi ya tatu.

Katika timu zile za Hamburg, moja imeondoka kwenye kundi la waliokataliwa. Gibraltar, eneo la Uingereza lenye watu elfu thelathini na kitu, ilishinda kesi kwenye Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, ikaingia shirikisho la Ulaya mwaka 2013 na FIFA mwaka 2016. Hoja yake kubwa ilikuwa tarehe: iliomba kabla kanuni hazijabadilishwa ili kudai uhuru kamili wa nchi. Visiwa vya Faroe, vilivyo chini ya Denmark, vimo FIFA tangu 1988. England, Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zina timu nne kwa sababu zilikuwepo kabla ya FIFA yenyewe kuanzishwa mwaka 1904. Kumbe mlango haukuwa umefungwa kwa kila asiye na dola. Ulikuwa wazi kwa aliyefika mapema, au aliyekuwa na mawakili wazuri na tarehe nzuri. Zanzibar ilikuwa na tarehe nzuri mara moja, kati ya Desemba 1963 na Aprili 1964, na katika miezi hiyo watu walikuwa na mambo mazito kuliko mpira.

Ndiyo maana Addis Ababa ilipokelewa kwa shangwe kubwa. Siku hiyohiyo Issa Hayatou, aliyeiongoza CAF tangu 1988, aliangushwa na Ahmad Ahmad wa Madagascar, na ilionekana kwamba kila kitu kinaweza kubadilika. Uanachama kamili ulikuwa na maana ya Zanzibar kuingia kwenye mbio za kufuzu Kombe la Mataifa ya Afrika kwa jina lake. Miezi minne baadaye Ahmad huyohuyo alieleza kwamba Zanzibar haikupaswa kupokelewa, kwa sababu CAF haiwezi kuwa na mashirikisho mawili kutoka nchi moja, na kwamba nchi ni ile inayotambuliwa na Umoja wa Afrika na Umoja wa Mataifa.

Kwa Wazanzibari maneno hayo yalikuwa na mwangwi. Mwaka 2008 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alisema bungeni kwamba Zanzibar si nchi, na mjadala ukawaka. Mwaka 2010 Katiba ya Zanzibar ikafanyiwa marekebisho, ikaandika kwamba Zanzibar ni nchi, mojawapo ya mbili zinazounda Jamhuri ya Muungano. Wanasheria wanaendelea kubishana. Rabat ilitoa hukumu kwa siku moja.

Halafu ikaja Desemba. Timu iliyofukuzwa Julai ilikwenda Kenya, chini ya kocha Hemed Suleiman, anayejulikana zaidi kama Morocco. Iliifunga Rwanda 3-1. Iliifunga Bara 2-1. Katika nusu fainali iliifunga Uganda, bingwa mtetezi, 2-1. Nami nikajikuta kwenye lile banda umiza.

Hapa lazima niwe mkweli, kwa sababu ni rahisi kuandika historia hii kama malalamiko matupu. Kikosi kile kilikuwa na Feisal Salum, Fei Toto, ambaye baadaye amekuwa kipenzi cha mashabiki wa Taifa Stars, Bara na Visiwani. Januari 2024, katika Kombe la Mataifa ya Afrika, Stars walipofungwa 3-0 na Morocco na kocha wao kusimamishwa, aliyepewa timu alikuwa Hemed Suleiman, yuleyule aliyeifunga Bara mwaka 2017. Wazanzibari hawa hawakuzuiwa kufika mbali. Walifika kwa jezi nyingine. Mjomba wangu huuliza tatizo liko wapi hapo, na swali lake si la kijinga. Timu ya Muungano ikiwa na Wazanzibari uwanjani na kwenye benchi, kwa nini tuhitaji ya pili?

Nilipata sehemu ya jibu kutoka Komoro. Visiwa hivyo vina watu chini ya milioni moja, wakati Zanzibar, kwa sensa ya 2022, ina karibu milioni 1.9. Komoro iliingia FIFA mwaka 2005. Katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika zilizochezwa Januari 2022, zikiwa za kwanza kwao, waliifunga Ghana 3-2 na kuingia hatua ya mtoano. Walikutana na Cameroon jijini Yaoundé bila kipa hata mmoja, wengine wakiwa na UVIKO na mmoja majeruhi. Beki Chaker Alhadhur akavaa glavu. Wakabaki kumi uwanjani mapema, wakafungwa 2-1 tu, na goli lao likawa la frikiki ya mbali ya Youssouf M'Changama.

Mtaani kwetu Unguja kuna familia nyingi zenye asili ya Ngazija, na usiku ule kila mtu aligeuka Mngazija. Mzee mmoja barazani, mechi ilipokwisha, alisema kwa sauti ya chini: "Wenzetu wamefungwa, lakini wameandikwa."

Wameandikwa. Nadhani hilo ndilo Fei Toto, kwa umahiri wake wote, hawezi kulitoa kwa jezi ya Stars. Goli lake linaandikwa Tanzania, na ni halali liandikwe hivyo. Lakini timu ya Zanzibar haina nafasi kwenye viwango vya FIFA vyenye wanachama 211, wala nafasi ya mwisho kabisa. Januari 2025, Kombe la Mapinduzi lilipochezwa na timu za taifa, Zanzibar Heroes waliifunga Burkina Faso 2-1 katika fainali, uwanja wa Gombani, Pemba. Burkina Faso ni nchi iliyowahi kufika fainali ya Afrika. Mtoto aliyekuwa Gombani siku ile aliona timu yake ikishinda, lakini akiifungua orodha ya viwango ya FIFA hataikuta.

Sijui kama atawahi kuikuta. Lakini yule kijana wa banda umiza ningemkuta leo, ningemjibu. Ingekuwa kombe la CAF, lingekuja Tanzania. Ingekuwa la dunia, lingekuja Tanzania. La Chalenji lingekwenda Zanzibar, kama lilivyokwenda 1995, na kwenye orodha ya mabingwa wa CECAFA, kati ya majina ya nchi nyingine, jina hilo bado lipo.