Kadi ya Mtoto wa Buyenzi

Mwanangu wa kwanza alizaliwa Buyenzi, Bujumbura, Novemba 2014. Siku hizi anacheza mpira wa matambara hapa kambini na hajui kwamba ana historia. Karatasi aliyo nayo ya kule ni moja tu: kadi ya kliniki, kona yake imeliwa na maji ya ziwa.

Buyenzi wengi wenu mnaijua. Ni kartye ya Waswahili, barabara zinaitwa kwa namba, gereji kila kona, na mto Ntahangwa pembeni. Arobaini yangu niliimalizia kwa bibi. Alfajiri, adhana haijaisha, ameshabandika maji. Anamwogesha mtoto, anamkanda mikono na miguu, kisha ananiletea uji: "Kunywa, mama, maziwa hayatoki hewani." Mchana majirani wanaingia na sabuni, na ndagala, na maneno yao. Huyu anasema mlaze hivi, yule anasema mbebe vile. Mwezi wa tatu mtoto akaanza kuchekea nyundo za gereji. Mwezi wa tano anakaa kwa kushikiliwa. Kila mwezi nilimpeleka kupimwa uzito. Tangu 2006 matibabu ya watoto chini ya miaka 5 ni bure katika vituo vya serikali, na kujifungua vilevile.

Bibi naye alizaa wa kwanza miaka ya 1950, mji ukiitwa bado Usumbura, na Wabelgiji wakitawala Ruanda-Urundi yote kutoka hapo. Kuanzia 1946 mji ulikuwa na Foyer Social, mahali pa kuwafundisha wanawake wa Kiafrika kushona, kupiga pasi, kupika na kutunza mtoto mchanga. Walimu wa Kizungu walipita hata majumbani kuangalia. Utawala ulitaka wake wa makarani na mafundi waishi kama mama wa nyumba wa Ubelgiji. Miaka hiyohiyo wanawake wa mjini wanaoishi bila mume walitozwa kodi yao peke yao, na wanawake Waislamu wa Buyenzi wakaipinga. Yaani nyumba ya mwanamke ilikuwa jambo la serikali.

Bibi alisoma pale. Ukimuuliza alijifunza nini, anacheka. "Kushona, mwanangu. Kulea nilifundishwa na mama." Lakini hakudharau. Baada ya uhuru, 1962, cherehani ndiyo iliyolisha watoto wake.

Tarehe 26 Aprili 2015 maandamano yakaanza Bujumbura kupinga muhula wa tatu wa Rais Nkurunziza. Mei 13 likaja jaribio la mapinduzi. Sisi tukaondoka mwezi huohuo. Bibi alikataa kutoka. Alinifunga mtoto mgongoni kwa mikono yake, akanitilia kadi kifuani: "Hii ndiyo itasema amezaliwa lini."

Tukafika Kagunga, kijiji cha wavuvi upande wa Tanzania. Watu maelfu kwa maelfu ufukweni, choo hakuna, na kipindupindu kikaingia. Mtoto alikuwa anafika miezi sita, umri ambao kliniki inasema aanze uji. Uji wa maji gani? Maji yenyewe ni yale ya ziwa. Nikaamua ni titi tu, mpaka tutoke. Mitumbwi ikatupeleka hadi Liemba, meli ya zamani ya Wajerumani iliyotia nanga mbali na ufuko. Hapo ndipo kadi ilipolowa. Tukashuka Kigoma, tukakaa uwanja wa mpira, halafu basi hadi kambini.

Kambini wakampima mkono kwa utepe. Chini ya sentimita 12.5 ni njano, chini ya 11.5 ni nyekundu. Wangu alikuwa njano. Dada aliyempima akauliza, "Mama, kwa nini hukumwanzishia chakula?" Nilikosa jibu, si kwa sababu sikuwa nalo. Nilimkumbuka bibi na wale walimu mlangoni kwake.

Wiki iliyofuata alikuwepo mwingine. Aliitazama kadi kwanza, akaniuliza, "Njiani mlikunywa maji gani?" Nikamweleza yote. Akasema, "Basi ulifanya vizuri. Sasa tuanze." Akanionyesha kumpa ile lishe ya pakiti kidogokidogo, titi likiendelea. Nilimfuata kila neno. Utepe ukarudi kijani.

Ndugu mnaofanya kazi hapa, wote wawili walikuwa na utepe uleule. Wa pili ndiye nilimweleza ukweli, na bila ukweli ule asingejua aanzie wapi.

Mambo ya Foyer Social yameandikwa na waliofundisha. Ya bibi yamebaki mdomoni mwake, na sasa kwangu. Juzi mtoto aliikuta kadi, akauliza ile mistari iliyopanda halafu ikakatika ni nini. Nikamwambia: hapo ulikuwa unakua, na hapo palipokatika ulikuwa unakua pia, ila nilikuwa nakupima kwa mgongo.