"Uzee Tu Huo": Historia ya Jibu Tulilolizoea

"Bibi anasahausahau siku hizi." "Ah, uzee tu huo." Kwetu tulijibizana hivyo kwenye simu, Leicester mpaka Tanga, kwa miaka mitatu. Kumbe hata madaktari waliwahi kusema hivyohivyo.

Mwaka 1901, huko Frankfurt, Ujerumani, daktari Alois Alzheimer alimpokea Auguste Deter, mama wa miaka 51. Alipoulizwa jina la mumewe, alitaja lake mwenyewe. Alifariki 1906. Alzheimer alipochunguza ubongo wake kwa hadubini, aliona mabonge kati ya seli, na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli zenyewe. Mwaka 1910 ugonjwa ukapewa jina la daktari huyo. Ila kwa miongo kadhaa ulihesabiwa kuwa wa watu ambao bado hawajazeeka. Mzee akisahau, basi, uzee. Katika miaka ya 1960, watafiti wa Newcastle, Uingereza, walichunguza bongo za wazee waliofariki na dimenshia, wakakuta kwa wengi wao mabadiliko yaleyale.

Sasa kumbukumbu inapoteaje? Mwaka 1953, huko Marekani, Henry Molaison alipasuliwa ili kutibu kifafa, akaondolewa sehemu kubwa ya hipokampasi pande zote mbili. Ya utotoni aliyakumbuka, mapya hayakukaa. Ikajulikana kwamba bila hipokampasi, jambo la leo halihifadhiki. Na lango lake ni sehemu ndogo jirani, korteksi ya entorinali. Mwaka 1996, watafiti wa Boston walichapisha hesabu ya seli za lango hilo. Kwa wazee wenye akili timamu, toka miaka 60 mpaka 90, hazikupungua. Kwa walioanza tu kuugua, tabaka moja muhimu lilikuwa limepoteza asilimia 60 hivi.

Tofauti ndiyo hiyo. Uzee unachelewesha: jina la jirani linakuja chai ikishapoa. Alzheimer inafunga mlango: jambo la asubuhi haliingii kabisa. Ndiyo maana Bibi alisimulia harusi yake vizuri tu, halafu akatuuliza mara ya nne kama tumekula.

Sisi tulicheka. Alzheimer haina dawa ya kuiponya, lakini si kila usahaulifu ni Alzheimer: upungufu wa vitamini B12, kwa mfano, unatibika. Kwa hiyo ukipiga simu nyumbani Jumapili hii, swali likirudi mara ya nne, lijibu kwa upole. Halafu mwambie shangazi ampeleke Bibi kwa daktari.