Kioo Kilichonenepesha Lenzi Pana

Ukitaka kuingiza Bonde la Ufa lote kwenye picha moja, unahitaji lenzi pana. Sasa jiulize: kwa nini lenzi hizi zilianza zikiwa ndogo, zikanenepa, na leo zinapungua tena?

Mwaka 1900 kampuni ya Goerz ya Ujerumani ilitoa Hypergon, kazi ya Emil von Höegh. Ilikuwa na vipande viwili tu vya kioo vilivyopinda kama bakuli, lakini iliona nyuzi 135! Shida ilikuwa giza la pembeni. Mwanga unaoingia kwa mshazari hufifia haraka: nyuzi 45 kutoka katikati, kwa kawaida unabaki robo tu. Goerz wakaweka kijifeni chenye umbo la nyota mbele ya lenzi. Mpiga picha alibonyeza mpira wa hewa, kikazunguka na kupunguza mwanga wa katikati, kisha akakiondoa na kumalizia picha.

Miaka ya 1950, Biogon ya Ludwig Bertele ilileta picha kali hadi kwenye kona. Ilikuwa fupi, na sehemu yake ya nyuma ilikaribia kugusa filamu.

Hapo ndipo kamera za kioo cha kuakisi zilipoharibu mambo. Kioo kile hupanda na kushuka, kwa hiyo kinahitaji nafasi. Kwenye Nikon F ya 1959, kutoka mdomo wa kamera hadi filamu ni milimita 46.5. Lenzi yake ya kwanza ya milimita 21 ilizama ndani kiasi kwamba ilibidi kwanza uinue kioo na kukifunga huko juu. Ukishafanya hivyo, huoni kitu. Unatumia kitazamio cha pembeni.

Dawa ilishapatikana Ufaransa mwaka 1950. Pierre Angénieux aliweka mbele kipande kinachotawanya mwanga, taswira ikasogea nyuma zaidi. Kioo kikapata nafasi, ila lenzi ikaongezeka vipande na uzito.

Kamera zisizo na kioo zimerudisha nafasi hiyo: Nikon Z ya 2018 ina milimita 16 tu. Lakini vihisi vya kidijitali havipendi mwanga wa mshazari kama filamu ilivyouvumilia, kwa hiyo hatujarudi kwenye Biogon moja kwa moja. Badala yake, programu ndani ya kamera hung'arisha kona zenye giza.

Tofauti ni kwamba kijifeni cha Goerz kilizipa kona mwanga wa kweli. Programu hukuza ule mdogo uliopo, pamoja na chengachenga zake. Ukipiga mandhari jioni kwa lenzi ndogo, kuza kona za anga uone.