Makaa ya mawe ya Songwe-Kiwira

Songwe-Kiwira ni eneo dogo lenye makaa ya mawe kusini-magharibi mwa Tanzania, kati ya mito Songwe na Kiwira, karibu na ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Limo katika wilaya za Ileje (Mkoa wa Songwe) na Kyela (Mkoa wa Mbeya). Mgodi wa Kiwira usichanganywe na mji mdogo wa Kiwira, ambao uko wilaya ya Rungwe.

Jiolojia

Makaa haya yamo katika miamba ya Karoo ya kipindi cha Permi, zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita, wakati Afrika ilikuwa sehemu ya bara la Gondwana. Mimea ya mabwawa ilifunikwa na matope na mchanga kabla ya kuoza kabisa, ikashindiliwa hadi kuwa makaa. Umri wa mwamba ndio unaoamua: mawe ya mchanga ya Bukoba, kando ya Ziwa Viktoria, yaliwekwa kabla mimea haijaota nchi kavu, hivyo kutafuta makaa ndani yake ni kazi bure.

Miamba ya Karoo ilisalimika na mmomonyoko kwa sababu vipande vyake vilididimia kati ya nyufa za ardhi. Lakini nyufa hizohizo humsumbua mchimbaji. Tabaka la makaa lililokatwa na ufa huishia ghafla kwenye mwamba mtupu, na mwendelezo wake unaweza kuwa juu au chini zaidi. Tena makaa yenyewe yana majivu mengi; mara nyingi huhitaji kuoshwa.

Uchimbaji

Mgodi wa chini ya ardhi ulijengwa kwa msaada wa China ukaanza kazi 1988, ukiwa na uwezo wa tani 150,000 kwa mwaka na mtambo wa umeme wa megawati 6. Kiwanda cha saruji cha Mbeya kilikuwa miongoni mwa wateja wake. Mwaka 2005 hisa nyingi ziliuzwa kwa kampuni binafsi iliyopanga kuzalisha megawati 200. Umeme huo haukupatikana, uchimbaji ukasimama, na mgodi ukarudi serikalini chini ya Shirika la Madini la Taifa (STAMICO).

Baada ya serikali kupiga marufuku uagizaji wa makaa ya mawe kutoka nje mwaka 2016, STAMICO ilianza kuchimba kwa shimo la wazi huko Kabulo, ambako makaa yako karibu na uso wa ardhi.

Matarajio

Kikwazo kikubwa ni usafiri. Reli ya TAZARA inapita Mbeya lakini haifiki mgodini, na malori hulazimika kupanda nyanda za juu. Mgodi wa Ngaka, wilaya ya Mbinga, uliwahi soko kwa kuchimba kwa shimo la wazi tangu 2011.

Njia nyingine ni kupikia. STAMICO hutengeneza mkaa mbadala uitwao Rafiki Briquettes kwa kutumia makaa ya Kiwira. Taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100, zikiwemo shule na magereza, zilitakiwa kuacha kuni na mkaa wa miti kufikia mwisho wa Januari 2024.