Hospitali Teule, Kahawa na Kadi ya Bima

Kwa miaka mingi watu wa wilaya ya Ngara, mkoani Kagera, Tanzania, wa kata ya Murukulazo wakiwemo, walipougua ugonjwa ulioishinda zahanati walipelekwa Murgwanza, kwenye hospitali ya Kanisa Anglikana. Katika wilaya jirani ya Biharamulo tegemeo lilikuwa hospitali ya Wakatoliki. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 serikali iliahidi matibabu bure, na mwaka 1977 ikapiga marufuku hospitali za kibiashara. Za makanisa iliziacha, kwani wilaya nyingi hazikuwa na nyingine. Zikawa hospitali teule: kanisa likabaki na majengo, serikali ikalipa mishahara na ruzuku ya vitanda. Mkataba huo ndio uliobeba ahadi ya serikali katika pembe hii ya nchi, na haujapata kusifiwa inavyostahili.

Hali ngumu ya uchumi wa miaka ya 1980 iliielemea ahadi hiyo ya matibabu bure. Mwaka 1993 uchangiaji wa gharama za matibabu ulianza katika hospitali kubwa, kisha ukashuka hadi wilayani; wajawazito na watoto chini ya miaka mitano wakasamehewa. Mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara kwa muda wa siku moja. Katika kambi ya Benaco mashirika ya kimataifa yalitibu bila malipo, wakati huohuo mwenyeji akianza kuzoeshwa kulipa.

Bima ilianza na wenye mshahara. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, uliotungiwa sheria 1999 na kuanza kazi 2001, humkata mtumishi asilimia 3, na mwajiri huongeza 3. Mkulima hana mwajiri. Yeye aliwekewa Mfuko wa Afya ya Jamii, uliojaribiwa Igunga mwaka 1996: kaya itoe mchango wa mwaka, serikali iongeze kiasi hichohicho, tele kwa tele. Uhaba wa dawa ndio uliouangusha. Mwenye kadi alimwona mganga, kisha akaambiwa akanunue dawa dukani. Akitendewa hivyo mara mbili, mwaka wa pili halipi. Mfuko hupungua, dawa huzidi kukosekana. Simlaumu hata kidogo.

Mwaka 2018 mfuko huo uliboreshwa, kaya ya watu sita ikalipa shilingi 30,000. Novemba 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, yenye mfuko wa kuwalipia wasio na uwezo. Ugumu uko hapo. Mahali ambapo karibu kila kaya inaishi kwa jembe, nani ataandikwa kuwa hana uwezo? Fedha ambazo mkulima hupata kwa kahawa huja kwa msimu, na mchango hudaiwa hata msimu ukiharibika.